Meza ya Mhispania na Uwanda wa Ufipa

Katika maneno yote ambayo mwanafunzi wa lugha ya kigeni hukutana nayo, jina la kitu ndilo linalomdanganya kwa upole zaidi. Kitenzi humtisha tangu mwanzo kwa nyakati zake na nafsi zake, naye hukiendea kwa hadhari kama mtu amwendeaye ng'ombe mwenye pembe. Kihusishi humsumbua kila siku, na kwa sababu hiyo hakisahau. Lakini jina huja kwa utulivu: kitu huonyeshwa kwa kidole, hutajwa mara moja, jina lake hupewa mwenzake wa Kiswahili, na daftari hufungwa. Mwalimu wa Kihispania akitamka "mesa", mwanafunzi Mswahili hutabasamu, maana neno ni lake tangu utotoni. Mesa ni meza. Tofauti ni herufi moja tu. Hapo ndipo kazi ilipopaswa kuanza, na aghalabu hapo ndipo huachwa.

Neno lenyewe ni la kale. Warumi waliita meza "mensa", nayo n ya katikati ilikwisha kupotea katika vinywa vya watu wa kawaida katika zama za Warumi wenyewe, kwa kuwa iliangukia mbele ya s. Vivyo hivyo ilipotea katika jina la mwezi, "mensis", ambalo Mhispania wa leo hulitamka "mes". Mataifa mengine yaliyorithi Kilatini hayakulipenda neno hili. Wafaransa na Waitalia waliona afadhali kuita meza kwa neno la ubao, "tabula", ndiyo maana kwao meza ni "table" na "tavola". Wahispania na Wareno katika ukingo wa magharibi, na Waromania katika ukingo wa mashariki, ndio walioshika neno la mababu. Jambo hili ni la kawaida katika historia ya lugha, kwamba kitu cha zamani husalia pembeni baada ya kufutika katikati. Wajerumani, ambao si wana wa Kilatini, walilichukua kwa ajili ya vyuo vyao, na hata leo mwanachuo wa Ujerumani aendapo kula chakula cha mchana husema anakwenda "Mensa". Hivyo neno moja limekuwa samani, limekuwa ukumbi, na, kama itakavyoonekana mbele, limekuwa pia umbo la nchi.

Kiswahili hakikupata meza kwa Wahispania. Ushahidi umo katika ile herufi moja. Kihispania cha leo hutamka s ya "mesa" kama s ya "saa". Kireno huiandika s lakini huitamka z, kwa kuwa imekaa kati ya irabu mbili. Mswahili wa pwani hakulisoma neno hili kitabuni. Alilisikia, na alipoliandika aliliandika kama alivyolisikia. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika miaka mia mbili iliyofuata, mpaka Waomani walipoitwaa ngome ya Mombasa mwaka 1698, Kireno kilikuwa kikisikika bandarini. Kiliacha maneno machache, na mengi kati yake ni ya vitu vya kushikwa kwa mkono: leso, bendera, kopo, parafujo, foronya, karata. Kiliacha pia gereza, ambalo kwa Mreno lilikuwa "igreja", yaani kanisa. Namna nyumba ya sala ilivyogeuka kuwa nyumba ya wafungwa ni habari inayostahili insha yake yenyewe. Hata hivyo Mhispania hakuwa mbali kabisa na mkasa huu. Ngome hiyo ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, mfalme wa Wareno alikuwa Felipe II wa Hispania, kwa sababu tangu mwaka 1580 hadi 1640 mataji mawili hayo yalivaliwa na kichwa kimoja.

Basi neno likapanda bara. Ufipa iko mbali na pwani, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na Kiswahili kilifika huko kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara, kisha pamoja na wamisionari, askari na makarani. Mapadri wa Shirika la White Fathers walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka pwani hiyo ya ziwa kazi yao ilipanda uwandani. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga wakapaita Bismarckburg. Mfipa hakuhitaji meza ili ale. Ugali wa ulezi uliliwa watu wakiwa wameketi chini, wamekizunguka chombo kimoja, wala hapakuwa na upungufu wowote katika mlo huo. Meza ilikuja kuwa chombo cha mtu anayeandika: karani ana meza, padri ana meza, mwalimu ana meza. Mtoto aliyeitwa mezani hakuitwa kula. Maana hii ya mamlaka haijatoka katika neno hata leo, na mtu wa Sumbawanga aulizaye barua yake imefika wapi hujibiwa kwamba iko mezani kwa mkubwa fulani, na hapo hutambua kwamba ni lazima asubiri.

Njia ya pili ya neno hili kuingia Ufipa ilikuwa Kilatini. Vijana waliopelekwa seminari, kama ile ya Kaengesa, walikutana na "mensa" katika umbo lake la kale, kwa sababu vitabu vingi vya sarufi ya Kilatini vimezoea kuanza na jina hilo wakati wa kufundisha jinsi majina ya aina ya kwanza yanavyobadili miisho. Winston Churchill alisimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1930 jinsi alivyofundishwa neno hilo hilo akiwa mtoto, akaambiwa kwamba umbo moja ni la kuiita meza, mtu anapotaka kusema nayo. Mtoto akashangaa, kwa kuwa yeye hakuwa na desturi ya kusema na meza. Mwalimu alimtishia adhabu. Kisa hiki huchekesha, lakini mtoto ndiye aliyekuwa na akili ya lugha: aliuliza neno linatumika lini na nani, ilhali mwalimu alijali jedwali lake tu.

Njia ya tatu ilikuwa Kiingereza. Katika shule za sekondari za Tanzania jiografia hufundishwa kwa Kiingereza, na katika sura ya nchi za ukame mwanafunzi husoma habari za vilima vyenye vilele bapa na kingo zilizosimama, ambavyo Kiingereza huviita kwa neno la Kihispania, "mesa". Wahispania ndio waliovipa jina hilo walipokuwa watawala wa Meksiko na nchi zilizo kaskazini yake, kwa kuwa viliwafanania meza zilizopangwa jangwani. Katika jimbo la Colorado huko Marekani iko hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1906, iitwayo Mesa Verde, yaani meza ya kijani. Kijana wa Ufipa hukariri neno hilo kwa ajili ya mtihani, hulijibia swali, na kulisahau. Au hudhani amelisahau.

Hivyo mesa imefika Ufipa mara tatu kabla ya Kihispania chenyewe kufika: kwa Kireno kupitia pwani, kwa Kilatini kupitia seminari, kwa Kiingereza kupitia ramani. Kila mara ilikuja na maana moja tu mkononi. Hapana neno la Kihispania ambalo mwanafunzi wa Sumbawanga angelijua mapema zaidi, wala hapana ambalo limemwekea mitego mingi zaidi.

Mtego wa kwanza ni mdogo. Mesa ni jina la kike: "la mesa", "las mesas", na sifa yake hufuata, "la mesa redonda". Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabu. Yeye aliyezoea kusema meza hii nzuri na kiti hiki kizuri na mlango huu mzuri hawezi kuogopa lugha yenye makundi mawili tu. Anachopaswa kukiacha ni swali la kwa nini meza iwe ya kike, swali ambalo halina jibu, kama lisivyo na jibu swali la kwa nini kijiko kiwe pamoja na kitabu.

Mtego wa pili ni miguu. Kiswahili huipa meza miguu ile ile apewayo mtu, na ng'ombe pia. Kihispania hutenga: mguu wa mtu ni "pierna", wa mnyama ni "pata", na meza husimama kwa miguu ya mnyama, "las patas de la mesa". Mwanafunzi akiandika "las piernas de la mesa" atakuwa ameichora meza yenye mapaja. Kwa upande wake Mhispania anayejifunza Kiswahili hushangaa kwamba meza ina mtoto. Ile sanduku ndogo inayovutwa na kusukumwa, ambayo Kihispania huiita "cajón", yaani kasha kubwa, Kiswahili kizuri cha zamani huiita mtoto wa meza. Wengi siku hizi husema droo, nalo halina kosa. Lakini mtoto wa meza lina huruma ya aina yake, na si vyema kamusi kuliweka kando kana kwamba limekufa.

Mtego wa tatu ni vitenzi vinavyoandamana na jina hili. "Poner la mesa", kwa kufuata neno kwa neno, ni kuweka meza. Maana yake ni kuandaa meza kwa chakula, kutandika kitambaa na kupanga sahani, na meza yenyewe haisogei. "Levantar la mesa" ni kuinua meza, na maana yake ni kuondoa vyombo watu wakiisha kula. Mgeni aliyealikwa katika nyumba ya Kihispania, akaombwa kusaidia kuinua meza, akashika pembe mbili na kuiinua, amefuata kamusi kikamilifu.

Mtego wa nne ni mahali, na hapa Kiswahili hakina sababu ya kuinama mbele ya lugha yoyote. Mhispania hutofautisha kwa vihusishi. Vitabu viko "en la mesa" au "sobre la mesa", lakini jamaa walioketi kula wako "a la mesa". Wasemaji wengi husema "en la mesa" hata kwa watu, wala hakuna anayedhani kwamba watu hao wamepanda juu. Ila mwanafunzi afadhali aanze na ile ya kwanza. Kiswahili hutosheka na kiambishi kimoja, mezani, na mtu akisikia "wako mezani" hajui bado kama wanaosemwa ni watu au ni sahani. Lakini subiri kitenzi. Mezani pana vumbi: hapo hasa, juu ya ubao. Mezani kuna watu: pande hizo, kandokando. Mezani mna barua: ndani, kwa mtoto wa meza. Yale ambayo Kihispania huyasema kwa vihusishi vitatu, Kiswahili huyasema kwa silabi ya upatanisho, na wasemaji wengi wenyewe hawajui kwamba wanafanya hivyo. Mwalimu amfundishaye Mswahili neno "mesa" bila kumrudisha kwanza kwenye mezani pake amempotezea nusu ya somo.

Upo pia ukaribu wa maana ambao hausemwi katika madarasa. Kwa Mhispania mesa huweza kuwa watu. "Mesa directiva" ni viongozi wa mkutano au chama, "mesa electoral" ni wale wanaosimamia kura katika kituo. Mtanzania aliyehudhuria arusi au mahafali hahitaji kufafanuliwa. Mshereheshaji anapotangaza kwamba meza kuu itapata chakula kwanza, hakuna anayefikiri kwamba mbao zitakula.

Tufani ya somo hili, hata hivyo, iko katika ile maana ya ardhi. Mwazie kijana wa Sumbawanga aliyeanza kujifunza Kihispania, akapewa zoezi la kueleza kwao. Kazi kama hii hutolewa katika kila lugha, nayo si ndogo kama inavyoonekana, kwa maana ni mara ya kwanza mtu kuweka nyumbani kwake katika maneno ya watu wengine. Akumbuka jiografia yake. Aangalia kamusi kubwa ya Chuo cha Kifalme cha Hispania, kilichoanzishwa mwaka 1713, na kweli, miongoni mwa maana za mesa aona kwamba ni nchi iliyoinuka, tambarare, kubwa, iliyozungukwa na mabonde au makorongo. Ni nini hiki kama si Ufipa? Aandika: "Nací en una mesa, entre dos lagos." Nilizaliwa juu ya uwanda, baina ya maziwa mawili.

Mhispania akiisoma sentensi hiyo humwona mama aliyejifungua juu ya meza ufukweni.

Kijana hakukosea kamusi. Amekosea matumizi, na tofauti ya vitu hivyo viwili ni elimu ambayo huja polepole sana. Maana ya ardhi katika neno mesa ipo, lakini haisimami yenyewe. Hutaka kushikwa mkono na jina la mahali, kama Mesa Verde, au na mazungumzo ambayo tayari ni ya milima na mabonde. Ikiachwa peke yake katika sentensi ya kawaida, hukimbilia nyumbani kwake, nayo ni jikoni na sebuleni. Neno alilolihitaji kijana ni "meseta". Na hapa Kihispania kina kichekesho chake. Kwa umbo lake meseta ni meza ndogo, kwa kuwa kiishio hicho ni cha kupunguza. Lakini katika nchi, ile ndogo ndiyo kubwa. Mesa katika matumizi ya wanajiografia ni mlima mmoja bapa ambao mtu huweza kuuona wote kwa jicho moja. Meseta ni uwanda wa nchi nzima. Ndilo jina la sehemu kubwa ya katikati ya Hispania. Mswahili, ambaye kwake kuongeza ki- ni kupunguza na hakuna mashaka, hana budi kujifunza kwamba lugha nyingine huweza kusema kimeza ikakusudia jimeza.

Tena jina hilo la meseta lina maana nyingine, ya fundi ujenzi: pale mahali bapa ngazi inapopumzika kabla ya kuendelea kupanda. Kwa Ufipa maana hii inafaa kupita zote. Mtu atokaye Kasanga, penye Ziwa Tanganyika, huanza kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari; hupanda mpaka Sumbawanga, zaidi ya mita 1,700; huendelea polepole kuelekea mashariki mpaka milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake hupita mita 2,300; kisha nchi hukatika ghafula na kushuka hadi Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800. Mto Kalambo, kwenye mpaka wa Zambia, haungojei ngazi: huruka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa kulinganisha, mji wa Madrid, ambao Wahispania husema kwa fahari kwamba umekaa juu ya meseta, uko karibu mita 650. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi wake Kasanga, akiwa chini kabisa ya Ufipa, amekaa juu kuliko mtu anayetembea katika barabara nyingi za mji mkuu wa Hispania. Kijana yule angalilijua hili, angaliandika sentensi yake ya pili kwa furaha.

Tena mesa halisi na Ufipa hazikuzaliwa kwa namna moja. Mesa ni mabaki: tabaka la mwamba mgumu limelala juu, maji na upepo vimekula pande zote, na kilichofunikwa na tabaka lile kimesalia. Ufipa ni nchi iliyobaki juu ardhi ilipopasuka huku na huku katika Bonde la Ufa, maziwa yakajaa katika mianya. Isitoshe, haikulala sawa; imeinuka upande wa Rukwa na kuinama upande wa Tanganyika. Wanajiolojia wana ukali katika mambo haya. Hata Mesa Verde wanasema si mesa, kwa kuwa imeinama, na huiita "cuesta", neno jingine la Kihispania lenye maana ya mteremko. Ikiwa jina lililoandikwa juu ya lango la hifadhi ya taifa halisalimiki mbele yao, kijana wa Sumbawanga asione haya.

Lakini je, kwa Kiswahili angeandika nini? Swali hili ndilo lenye uzito, na wanafunzi wa Kiswahili hawana ruhusa ya kulipita. Vitabu husema uwanda wa juu, na mikoa ya upande huo hutajwa kwa pamoja kuwa Nyanda za Juu Kusini. Uwanda peke yake ni mahali peupe, tambarare, popote palipo, juu au chini. Ndiyo maana hulazimika kusindikizwa na "wa juu". Sasa katika Rukwa kuna ugumu ambao mtunga kamusi aliye Dar es Salaam hawezi kuuona. Chini ya genge la Ufipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, wako watu waitwao Wawanda, na nchi yao ni Uwanda. Jina hilo limeandikwa pia kwenye ramani, kwa pori la akiba lililoko kando ya ziwa. Mtu wa huko akisikia kwamba fulani ametoka Uwanda, macho yake hushuka bondeni. Mgeni aliyesoma jiografia, akisikia uwanda wa Ufipa, macho yake hupanda. Sauti ni moja, njia ni mbili, na tofauti ya kimo ni zaidi ya mita elfu moja. Herufi kubwa huwaokoa wasomaji, lakini hakuna aliyewahi kusikia herufi kubwa.

Wako wanaopenda kila upungufu wa Kiswahili uzibwe kwa kutohoa, nao wangeweza kusema: kwa kuwa meza tunayo, na iipewe kazi ya mesa, Ufipa iwe meza ya nchi. Shauri hili lafaa likataliwe. Kihispania chenyewe, baada ya karne nyingi, hakijaweza kulibebesha neno mesa mzigo huo bila msaada. Kiswahili kitaliwezaje, ilhali meza imekwisha kubeba chakula, barua, kura na wakubwa? Wenyeji wanayo njia yao. Wao husema Ufipa, basi, na kiambishi U- kinatosha. Ni kiambishi kile kile cha Unyamwezi na Uhehe, kisemacho nchi ya watu, ambacho hakiulizi kama nchi hiyo ni bapa au ni ya milima. Anayetaka kueleza umbo na aseme uwanda wa juu, aandike u ndogo, na akiwa Sumbawanga aongeze neno moja la hadhari.

Upande wa pili wa mtego huu uko kwa wasemaji wa Kihispania. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara na Wacuba wenzake walivuka Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa, kutoka Kigoma kwenda Kongo, nao walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Alifundishwa Kiswahili na kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alihamia Cuba, akawa daktari, akafariki mwaka 2005. Jina lililochaguliwa katika hesabu ni salama. Tatu haina maana ya pili. Lakini daktari wa Kihispania anayejifunza Kiswahili huku akitibu hulazimika kufika mbali zaidi ya kumi. Asikia muuguzi akimwambia mgonjwa: "Meza vidonge viwili." Neno analijua. Tangu kwao analijua. Yeye huona meza yenye vidonge viwili juu yake, na hushangaa kwa nini mgonjwa anafungua kinywa. Kumeza ni kitenzi cha Kibantu, hakina undugu wowote na Kilatini, na kimekutana na neno la Mreno katika herufi nne kwa bahati tupu. Mahali kila moja linapokaa katika sentensi hutosha kuwatenga kwa mwenyeji, hata asijue kwamba yako mawili. Kwa mgeni hayatengeki mpaka afundishwe, na kosa la dawa si kosa la kuchekwa darasani.

Limebaki tawi moja la neno hili, nalo ndilo zuri kuliko yote. Mhispania huita "sobremesa" ule muda ambao chakula kimekwisha, vyombo bado viko, na watu hawainuki. Si mlo tena wala si kikao. Ni maongezi yasiyo na ajenda. Mreno analo neno hilo hilo kwa herufi zile zile, ila kwake sobremesa ni kitamu kiletwacho mwisho wa mlo, tunda au keki. Kwa hiyo mtu aliyejifunza lugha moja asiagize kwa nyingine. Kiswahili hakina neno moja la jambo hilo, ingawa jambo lenyewe kinalo tele. Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya Sumbawanga inapokaza, ugali ukiisha kuliwa watu hawaondoki penye jiko la mkaa. Huketi papo hapo, mmoja akisimulia bei ya mahindi, mwingine safari ya bondeni, na saa hupita. Kijana wetu mwandishi wa zoezi anaweza kuliandika hilo kwa Kihispania bila hofu, hata ikiwa walikuwa wameketi mkekani, kwa kuwa neno limekwisha kuachana na samani iliyolizaa na hakuna atakayemwuliza meza ilikuwa wapi. Aliandike pamoja, bila kistari, nalo ni la kike: "la sobremesa".